Mkono Ndani ya Chuma

Fundi wa bastola akiletewa Python kuukuu haanzi na mtutu. Anahakikisha kwanza kwamba haina risasi, kisha anaivuta nyundo kwa dole gumba, polepole, kama mtu anayefungua mlango usiku asije akaamsha watoto. Kidole cha mkono wa pili kinaigusa silinda kidogo tu, kuizuia isikimbie. Hapo anasikiliza. Komeo dogo lililo chini ya silinda linatakiwa lidumbukie kwenye kishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho wa safari. Likichelewa hata kwa unene wa unywele, fundi anashusha pumzi, kwa maana anaijua kazi inayomngoja, na anajua pia kwamba wanaoiweza wamebaki wachache.

Kosa lenyewe aghalabu hujificha kwenye kipande kimoja chembamba cha chuma. Kila kifyatulio kinapovutwa, kipande hicho hupanda ndani ya fremu na kuisukuma silinda izunguke, ili chemba inayofuata ikae mbele ya mtutu. Mafundi wa Marekani wanakiita mkono. Si utani wa karakana. Ndilo jina lake hata kwenye orodha ya vipuri. Tangu nilipolijua jina hilo, sijaweza kuiwazia bastola hii bila kuona mikono miwili: wa chuma uliofichwa ndani, na wa nyama ulioupitishia tupa ule wa chuma mpaka ukakaa sawasawa.

Sina bastola wala sitamani kuwa nayo. Kilichonivuta kwa Python ni swali la ufundi: inakuwaje kitu kinachosifiwa duniani kote kwa kudumu kikaachwa kutengenezwa na wale wale waliokibuni?

Kampuni ya Colt, ya mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, iliitoa mwaka 1955 kwa bei ya dola 125. Ilikuwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya chemba sita, kwa ajili ya risasi ya .357 Magnum iliyozaliwa miaka 20 hivi kabla yake. Jina lake maana yake ni chatu, na aliyeibatiza hakukosea. Ni nzito. Juu ya mtutu wake kuna ukingo uliotobolewa matundu mfano wa madirisha ya meli, na chini yake pande la chuma linalokwenda moja kwa moja hadi mdomoni, liutulize mruko risasi inapotoka. Halafu rangi. Colt waliiita buluu ya kifalme, na aliyewahi kuiona anaeleza kama mtu aliyechungulia kisimani. Siri haikuwa kwenye dawa ya rangi. Chuma kilisuguliwa na kung'arishwa, kikarudiwa na kurudiwa, kabla ya kutiwa rangi yoyote. Buluu ilikuwa pazia jembamba lililotandazwa juu ya jasho la mtu.

Ndani mlikuwa na jambo jingine. Katika rivolva nyingi silinda hubakiwa na nafasi kidogo ya kuchezacheza hata risasi inapofyatuka, na hakuna anayelalamika. Waliobuni mtambo wa Colt, miongo mingi kabla ya Python yenyewe, hawakutaka mchezo huo. Waliupa mkono ngazi mbili. Ya kwanza huizungusha silinda; ya pili huendelea kuibana dhidi ya komeo kadiri kifyatulio kinavyovutwa, hata ule mpigo wa nyundo unapokuja silinda imeshikwa kama imechomelewa. Wapenzi wake huifananisha na mlango wa hazina ya benki, na kwa hilo naona hawajatia chumvi.

Lakini kinachobana ndicho kinacholika. Kila risasi inapotoka, kishindo kinaugonga ule mkono mdogo, kwa kuwa wenyewe ndio umeegemea. Baada ya maelfu ya risasi hufupika kwa kiasi ambacho jicho halikioni, silinda ikaanza kuchelewa, komeo likakosa wakati wake. Uzuri wa bastola hii na maradhi yake vilikaa kwenye kipande kimoja.

Ndiyo maana ubishi wa wapenda silaha juu ya kudumu kwa Python hauishi. Mmoja anaapa kwamba ni chuma cha vizazi, mwingine kwamba ni saa ya mezani iliyojifanya bastola. Wote wawili wanasema kweli. Fremu na mtutu vinaweza kumzika mwenyewe na mjukuu wake. Ule mkono hauwezi kuachwa hivi hivi. Tiba yake ya zamani ilikuwa kuutoa, kuugonga kwa kipimo ili chuma kitandike na kurefuka kidogo, kisha kuurudisha na kuusikiliza tena. Nusu saa kwa anayejua. Kwa asiyejua ni njia ya uhakika ya kuiharibu bastola nzima.

Kwetu tunalijua jambo hili kwa njia ya cherehani. Singer ya miguu aliyoinunua bibi bado inashona kwenye baraza nyingi za pwani na bara, nasi tunasifu chuma cha zamani. Tunamsahau yule mzee wa kona ya soko mwenye kopo la mafuta na bisibisi moja, anayejua kwa kusikia tu kwamba sindano imepishana na shata. Mwondoe mzee huyo, cherehani inageuka meza ya kuwekea redio. Kudumu hakumo ndani ya kitu peke yake. Kumegawanyika kati ya kitu na watu wanaokijua, na wale wa upande wa pili hawana kutu, ila wanastaafu.

Kulikuwa na njia nyingine, na mtu mmoja aliifuata. William Ruger, aliyeanzisha kampuni yake pamoja na Alexander Sturm mwaka 1949 huko huko Connecticut, alitoa mwanzoni mwa miaka ya 1970 rivolva iliyoitwa Security-Six. Fremu yake haikuchongwa kutoka kwenye bonge la chuma. Ilimiminwa katika kalibu iliyoumbwa kwa nta, nta ikayeyuka na kuacha umbo lake, njia ile ile waliyoitumia wafua shaba wa Benin karne nyingi zilizopita. Haikuwa na bamba la pembeni linalofunguliwa kuingiza mtambo, kwa hiyo fremu ilikuwa kama ukuta usio na dirisha. Springi zake zilikuwa za kujisokota, si za bamba lililokunjwa kama za Colt. Mwenye nayo aliweza kuifungua karibu yote kwa sarafu ya mfukoni. Haikuwa nzuri, ilikuwa na sura ya bomba la maji. Lakini iliundwa na mtu aliyejiuliza swali gumu: itakuwaje siku fundi hayupo?

Ungetegemea basi kwamba hiyo ndiyo ingebaki. Haikubaki. Ilikoma mwaka 1988, miaka 16 tu tangu ilipoingia sokoni, na nafasi yake ikachukuliwa na dada yake mnene zaidi, GP100. Zilizokwisha kutoka zinaendelea kufyatua hadi leo, bila habari kwamba ukoo wao umefungwa. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba uimara una usemi wowote katika suala la nini kiendelee kutengenezwa. Kinyume chake, ukifikiria kama mwenye kiwanda, bastola isiyoharibika ni mteja asiyerudi.

Wateja wakubwa wa rivolva walikuwa polisi, nao waliondoka. Mwaka 1985 jeshi la Marekani lilichagua Beretta ya magazini badala ya Colt yake ya mwaka 1911. Kutoka Austria ikaja Glock, nusu yake plastiki, magazini ya risasi 17, vipuri vyake vikihamishwa kutoka hii kwenda ile bila kuguswa na tupa. Halafu ikatokea Miami, tarehe 11 Aprili 1986: maofisa wanane wa FBI wakapambana barabarani na majambazi wawili waliokuwa na silaha nzito kuliko zao. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Tukio hilo hutajwa kila mara kama siku rivolva ilipohukumiwa kifo katika polisi ya Marekani, kwa sababu kujaza risasi sita chini ya moto wa bunduki ni balaa. Kisichotajwa sana ni jinsi mapambano yale yalivyokwisha. Ofisa Edmundo Mireles, mkono wake mmoja umevunjwa na risasi, alisimama, akawaendea majambazi kwenye gari walimokuwa, na kuwamaliza kwa risasi sita za rivolva. Ilikuwa ya Smith & Wesson, si ya Colt, lakini wakati wa kuandikwa hukumu hakuna aliyeona haja ya kumsikiliza shahidi huyo.

Sisemi hukumu ilikuwa mbaya. Mtu anayetumwa kwenye hatari apewe kinachomsaidia kurudi nyumbani. Nasema tu kwamba rivolva haikushindwa; ilipitwa, na kupitwa ni jambo jingine kabisa. New York, ambako Theodore Roosevelt aliwapa polisi rivolva za Colt mwaka 1896 kabla hajawa rais, waliendelea kuwa na wachache wenye rivolva viunoni hadi mwaka 2018, masalia ya zama za kale machoni pa vijana, wazee wa mila machoni pao wenyewe.

Hartford nako mambo hayakuwa mazuri. Januari 1986, miezi michache kabla ya Miami, wafanyakazi wa Colt karibu 1,000 waligoma. Mgomo ulidumu zaidi ya miaka minne, miongoni mwa migomo mirefu zaidi jimbo hilo lililopata kuiona, na kiwanda kikawaleta wengine kukaa kwenye mashine zao. Mwaka 1988 Colt ikapoteza mkataba wa kulitengenezea jeshi bunduki za M16. Mwaka 1990 mgomo ukaisha kwa kampuni kuuzwa kwa kundi la wawekezaji ambalo ndani yake mlikuwa na chama cha wafanyakazi na fedha za pensheni za jimbo lenyewe. Mwaka 1992 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Nikisoma habari hizo sioni hesabu za fedha. Namwona mzee mmoja (simjui jina, wala simbuni) aliyekaa miaka 30 akiipangia Python mkono wake, akitoka na bango getini asubuhi moja ya baridi, na kijana akiingia kukaa kwenye benchi lake. Tupa zimeachwa pale pale. Kijana anaweza kuambiwa ni tupa ipi na pembe ipi. Hawezi kuambiwa ni wakati gani wa kuacha, maana hilo mzee mwenyewe hakuwahi kulisema kwa maneno.

Kwa hiyo mwaka 1999 Colt ilipoiondoa Python kwenye utengenezaji wa kawaida, ikabakiza chache tu za kuagiziwa hadi mwaka 2005, habari ilikuwa imekwisha kabla ya tangazo. Mashine zilikuwapo. Michoro ilikuwapo. Waliokosekana ni watu wa kulipwa ujira wa saa nyingi kwa bastola moja, na wanunuzi wa kuulipa ujira huo.

Kuna kejeli hapa ambayo sijaona watu wakiicheka vya kutosha. Samuel Colt, mwenye jina, alijipatia umaarufu kwa kudai kinyume chake. Mwaka 1851 alikwenda London kwenye maonyesho makubwa ya viwanda, akasimama mbele ya wahandisi wa Uingereza kuwaeleza kwamba bastola zake zinazaliwa na mashine, wala si na mafundi wa kupiga tupa kama wanavyofanya wao Waingereza. Dunia ikamwamini. Kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, ingawa hata wakati ule vipande vyake vilihitaji mkono wa mtu kukaa pamoja. Karne moja baadaye, nyumba iliyojigamba kumwondoa fundi ndiyo ikatoa bastola isiyoweza kuishi bila fundi, na wakati fundi alipoondoka kweli, bastola ikamfuata.

Baada ya kukoma, Python ikapanda bei. Ilisaidiwa na tamthilia ya The Walking Dead iliyoanza mwaka 2010, ambamo shujaa Rick Grimes anatembea nayo kiunoni katikati ya maiti wanaokula watu. Vijana waliozaliwa Python ikielekea kufa wakaitaka kama wanavyotaka gari la babu. Ya dola 125 ikawa ya maelfu. Na hapo ikaingia aina nyingine ya kudumu, isiyonipendeza. Bastola zilizokuwa zikifanya kazi zikawekwa kwenye makasha ya vioo, zikapanguswa kwa glavu nyeupe, na mwenye nayo akaogopa hata kuizungusha silinda isije ikapata mstari. Mkono wake wa ndani hautachakaa tena kamwe. Sijui kama hiyo ndiyo afya.

Mwaka 2020 Colt ikairudisha, kwa dola 1,499. Ni Python kwa sura, ya chuma kisichoshika kutu, lakini ndani mmepangwa upya: kampuni ilitangaza kwamba vipande vimepunguzwa kwa 14 na fremu imeongezewa chuma chini ya kilenga cha nyuma. Mashine za kompyuta zinakata kwa usahihi ambao mzee wa benchi asingeuota. Walioipiga wengi wanakiri kwamba ina nguvu kuliko ya zamani. Mwaka uliofuata kampuni yenyewe ikanunuliwa na Wacheki. Na bado wapo wanaoishika Python hiyo mpya, wanaikubali kwa kichwa, kisha wanaiweka chini na kuuliza kama kuna ya zamani. Nilikuwa nikiwacheka watu hao. Sasa nadhani wanachokitafuta si bastola. Wanatafuta ushahidi kwamba kuna mtu alikuwa hapa kabla yao akajali.

Lakini nisijisahau nikaimba. Hiki ni chombo cha kuulia, na sifa ya kudumu, ambayo kwenye cherehani ni baraka tupu, kwenye silaha ina upande wa pili. Katika ukanda wetu tunaujua upande huo. Vita vinaisha, mikataba inatiwa saini, wakubwa wanapeana mikono, na bunduki inabaki ikifanya kazi, inavuka mpaka ndani ya gunia, inabadilishwa kwa ng'ombe. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo ilitiwa saini kwa sababu chuma hakichoki. Novemba 2016, huko Ngong, Kenya ilirundika silaha zaidi ya 5,000 zilizokamatwa au kusalimishwa, ikazitia moto. Nilizitazama picha zake kwa muda mrefu. Vitako vya mbao vinashika moto upesi. Mitutu inabaki katikati ya majivu, imepinda na kuwa myeusi, bado inaonekana ni mitutu. Mpenda ufundi ndani yangu alinyamaza, na nikaona afadhali anyamaze.

Huenda ndiyo sababu, katika habari zote za Colt, zilizonikaa rohoni ni zile ambazo bastola imegeuka kitu kingine. Kisa cha mwanzo kabisa ni cha namna hiyo. Inasimuliwa kwamba Samuel Colt alipata wazo lake mwaka 1830, akiwa kijana wa miaka 16 kwenye meli iliyoitwa Corvo, ikielekea Calcutta kupitia bahari yetu hii ya Hindi. Alitazama gurudumu la usukani likizungushwa na kukamatwa, likizungushwa na kukamatwa, akachonga mfano wa bastola kwa kisu. Kisa kina harufu ya mfanyabiashara aliyejua kujisimulia, lakini mfano wa mbao upo, Hartford, kwenye jumba la sanaa la Wadsworth Atheneum. Au Francis Pratt na Amos Whitney, waliojifunza usahihi wa chuma kwenye karakana za Colt kabla ya kufungua yao mwaka 1860. Jina lao limeandikwa leo kwenye injini ya kila Cessna Caravan inayopaa kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja na Mafia; abiria anayeshika kiti kwa woga juu ya mkondo wa Zanzibar amebebwa, kwa mbali, na shule ile ile.

Kiwanda cha zamani cha Hartford bado kimesimama, na juu yake kuba la buluu lenye nyota za dhahabu. Kiliungua mwaka 1864, mwenyewe akiwa amekwisha kufa, na mjane wake Elizabeth akakijenga upya. Siku hizi watu wamepanga vyumba humo, wanapika chakula cha jioni mahali palipokuwa na mashine. Karibu na hapo kuna kanisa alilolijenga mjane huyo kwa kumbukumbu ya mumewe na watoto wao, lililokamilika mwaka 1869. Ukienda kwenye mlango wa upande, ule uliokusudiwa mafundi wa kiwanda, tazama mawe yaliyouzunguka. Waashi wamechonga pale misalaba na maua, na katikati ya maua, ukikaza macho, vipande vya rivolva: mpini, nyundo, silinda, vyote vya mawe. Mafundi walipita hapo kila Jumapili, mikono imeoshwa, wakiviangalia vipande ambavyo Jumatatu wangevishika tena. Silinda ile ya jiwe haijawahi kuzunguka hata mara moja, na hakuna mkono nyuma yake.